Shajara ya Mradi: Ekari 5 Kijijini Mtama, Lindi, na Pesa ya Miezi 12

Shamba ni la kaya moja ya watu 6, Mtama, mkoani Lindi. Linaanza juu kwenye mchanga mwekundu na kuteremka kuelekea bonde la Mto Lukuledi. Ekari 3 ni mikorosho ya zamani, ekari 1 tumeitenga kwa ufuta, nusu ekari ya mahindi na mbaazi, robo ya karanga, na robo ya bustani bondeni. Lengo la msimu ni moja na linapimika: nyumba ipate pesa kila mwezi, ili isiuze hata kilo 1 ya korosho kwa kangomba.

Asiye wa Kusini aelezwe. Kangomba ni biashara ya kununua korosho kienyeji kwa kipimo kinachozidi kilo, mara nyingi kutoka kwa mkulima aliyebanwa na ada au ugonjwa, na mara nyingine kabla hata korosho haijaanguka. Imepigwa marufuku, lakini haifi, kwa sababu korosho hulipa mara moja kwa mwaka na nyumba hula kila siku. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007 uliweka mnada na mizani. Haukuweka chakula cha Agosti. Hicho lazima kitoke shambani.

12 Novemba 2023

Tumehesabu mikorosho: 121 kwenye ekari 3. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, yaani miti 28 kwa ekari, 84 kwa shamba hili. Matawi yanagusana na mengine yamepandiana. Mkorosho huzaa kwenye ncha zinazoona jua, kwa hiyo miti iliyosongamana huzaa juu tu, kama mwavuli, na ubavuni hubaki kuni. Ndani yake kuna unyevu na upepo haupiti, na hapo ndipo ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, unapopendea. Msimu uliopita shamba lilitoa kilo 480, chini kidogo ya kilo 4 kwa mti. Palizi na salfa, unga wa kukinga ubwiriunga, vilikuwepo. Shida ni wingi wa miti.

Kuku: mitetea 12, majogoo 2. Wamepewa leo chanjo ya I-2 ya mdondo (kideri), tone 1 kwenye jicho, na tarehe zinazofuata zimeandikwa ukutani: Februari, Mei, Agosti, Novemba. Makosa yanayoua kuku waliochanjwa ni yale yale kila kijiji. Chupa hubebwa mfukoni juani. Hufunguliwa leo ikamaliziwa wiki ijayo. Au watu huchanja baada ya kuku wa jirani kuanza kufa. Chanjo haiponyi, na kuku anayesinzia leo ameshachelewa.

26 Novemba 2023

Udongo. Sampuli mbili, moja chini ya vivuli vya mikorosho na nyingine nje, kwenye sehemu ya ufuta. Kila sampuli imetoka mashimo 12 ya kina cha sentimita 20. Udongo umechanganywa kwenye ndoo safi ya plastiki, ikachukuliwa nusu kilo na kuanikwa kivulini. Ndoo iliyobeba mbolea au salfa isitumike, majibu yatadanganya.

Majibu ya pH, kipimo cha tindikali ambacho namba ikishuka tindikali imezidi: nje 5.8, chini ya mikorosho 4.9.

Tofauti hiyo ndiyo bili ya salfa. Salfa ya unga inayodondoka chini huliwa na vijidudu vya udongo na kugeuka tindikali. Kwa hesabu ya kemia, kilo 1 ya salfa inahitaji takribani kilo 3 za chokaa ili tindikali yake ifutwe. Udongo wa kichanga kama huu hauna nguvu ya kujikinga, pH yake hushuka haraka. Mkorosho wenyewe huvumilia, na ndiyo maana watu hawaoni kitu. Kinachoumia ni mahindi na karanga zinazopandwa kati ya mistari. Karanga hunyonya kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, moja kwa moja kwa ganda lililo udongoni, si kwa mizizi peke yake. Kalisi ikikosekana, ganda linajaa hewa. Mkulima husema mbegu mbovu, akabadili mbegu, na mwakani maganda yakawa matupu tena.

Uamuzi: karanga na mahindi hayapandwi tena chini ya mikorosho. Penye mapengo utapandwa muhogo, ambao huvumilia tindikali.

17 Desemba 2023

Mvua imekaa. Mahindi na mbaazi yamepandwa pamoja nusu ekari, mistari 2 ya mahindi kwa 1 wa mbaazi. Mbaazi huanza polepole, mahindi yakishavunwa ndipo inafumuka, kwa hiyo hazigombei sana. Karanga ni Pendo, aina ya muda mfupi, siku 90 hadi 100, nafasi sentimita 50 kwa 10, mbegu 1 kwa shimo. Nafasi hiyo ya karibu si ubahili wa ardhi. Vidukari wanaoeneza ugonjwa wa ukoma wa karanga hutua zaidi penye mchanga unaoonekana kati ya mimea, na shamba lililofunika ardhi mapema huumwa kidogo.

Muhogo: Kiroba, pingili za sentimita 25 zenye macho 6, zilizokatwa kwenye mashina ambayo mizizi yake ilipasuliwa kwanza na kukutwa nyeupe. Usitazame majani tu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia hujificha chini, mmea ukawa mzuri juu na mzizi umeoza kama kizibo. Kupasua mzizi mmoja wa kila shina la mbegu ni kazi ya nusu saa.

28 Januari 2024

Ufuta umepandwa, aina ya Lindi 02, kilo 2 kwa ekari. Mistari sentimita 50. Mbegu imechanganywa na mchanga mkavu uliochekechwa, sehemu 1 kwa 3, ili mkono usimwage nyingi mahali pamoja. Kina ni sentimita 2, si zaidi. Ufuta uliofukiwa kwa kisigino hauoti.

Kupunguzia miche kutafanyika wiki ya 3, ibaki 1 kila sentimita 10. Hapa wengi huona huruma kung'oa. Ufuta uliobanana hukua mrefu mwembamba, hutoa vitumba (maganda ya mbegu) juu tu, na upepo wa kwanza huulaza.

24 Februari 2024

Mavuno ya korosho yamekwisha, sasa ni msumeno. Miti 20 imeondolewa kabisa, miti 8 imekatwa kwa kubebesha, yaani kupandikizwa vikonyo vya mti bora. Haikung'olewa yote 37 iliyozidi kwa wakati mmoja, kwa sababu mti uliokatwa hauleti kitu na nyumba haiwezi kumeza pengo hilo kwa msimu mmoja. Iliyobaki 9 itatoka mwakani.

Jinsi ya kuchagua: miti yote 121 ilifungwa utepe tangu Oktoba, wakati wa kuokota. Utepe mwekundu kwa ile iliyotoa chini ya kilo 2. Anayechagua Februari kwa macho atakata mti mzuri wenye umbo baya na kuacha mkubwa usiozaa.

Miti ya kubebesha hukatwa sentimita 75 kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasitue juu ya kisiki. Kidonda kimepakwa chokaa nzito. Machipukizi hutoka baada ya wiki kadhaa. Yakifika unene wa penseli huchaguliwa 4 yenye nafasi kuzunguka kisiki, na kila moja hubebeshwa kikonyo kutoka kwenye mti mzazi uliothibitishwa. Machipukizi mengine yote hutolewa kila wiki bila kukoma. Yakiachwa mwezi mmoja, kisiki hulisha pori na kikonyo hukauka.

Kuni za miti 20 zimeuzwa kwa tanuri la matofali. Pesa hiyo imeandikwa pembeni, haihesabiki kama mapato ya shamba, kwa kuwa haitarudi.

Mikorosho iliyobaki, 93, imekatwa matawi ya chini hadi mtu aweze kupita ameinama, na matawi makavu yote yametolewa na kuchomwa nje ya shamba.

23 Machi 2024

Mwezi mbaya, na ni vyema kuusema kama ulivyo. Kipimo chetu ni matumizi ya lazima ya nyumba, shilingi 130,000 kwa mwezi. Machi imepata shilingi 58,000, yote kutoka kwa mayai na kuku 3. Akiba ya korosho imeziba pengo. Mahindi mabichi hayajafika, karanga bado zinachimbwa. Pengo la Februari hadi Aprili ndilo ambalo mipango mingi ya kilimo hailioni, kwa sababu kwenye karatasi shamba liko kijani kibichi kila mahali.

Kuhusu kuku: mayai si biashara kuu ya kuku wa kienyeji. Mtetea hutaga mayai 12 hadi 15, hulalia siku 21, kisha hupoteza miezi 2 akilea. Faida iko kwenye vifaranga wanaofika miezi 5. Kinachowaua wengi ni wiki 4 za mwanzo: mwewe, baridi ya usiku, na mama kuwatembeza kwenye umande. Tunawaweka ndani ya tenga kubwa na mama yao wiki 3, kisha mama anatolewa na kurudi kutaga, vifaranga wanabaki na kisanduku cha joto usiku.

Chakula cha vifaranga, kilo 10: mahindi yaliyoparazwa kilo 5, pumba kilo 2, mashudu ya ufuta au alizeti kilo 2, dagaa waliosagwa gramu 800, magamba ya konokono au chokaa ya chakula cha mifugo gramu 170, chumvi gramu 30. Mashudu ya karanga tumeyaacha. Karanga zilizopigwa na ukame au kuanikwa chini hubeba sumukuvu, na kifaranga ni mwepesi kudhurika.

Nyongeza ya bure ni mchwa. Chungu kikuukuu hujazwa magunzi na kinyesi cha ng'ombe kilichoroweshwa, kikapinduliwa jioni juu ya njia ya mchwa. Alfajiri kimejaa.

5 Mei 2024

Kimbunga Hidaya kimetua Mafia jana. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema na ufuta ulikuwa na siku 97.

Maswali yalikuwa mawili: kuukata wote na kuufunika, au kuuacha umesimama. Tulikata tu robo iliyokuwa na vitumba vya chini vya njano, tukafunga mafungu madogo, tukayasimamisha juu ya turubai chini ya banda. Ufuta uliobaki uliachwa umesimama. Sababu: kitumba kilichofungwa shambani hukinga mbegu zake, lakini ufuta uliokatwa ukilowa na kulundikwa hupata joto, ukungu, na mbegu hugeuka nyeusi. Mfereji mmoja wa kina cha sentimita 30 ulichimbwa juu ya shamba kukatisha maji ya mteremko.

Leo: ufuta umelala upande wa mashariki, labda mmea 1 kati ya 6, lakini vitumba vimefungwa. Mafungu bandani ni makavu. Barabara ya kwenda Dar es Salaam imekatika upande wa Somanga, na hilo ni somo la pili: mazao ya bustani yasitegemee lori la Dar. Masoko ya Mtama na Lindi mjini yatatosha.

1 Juni 2024

Ufuta wote umepukutwa: kilo 214 safi. Umepigwa juu ya turubai mbili zilizoshonwa pamoja, si kwenye ardhi iliyosakafiwa kwa udongo. Mchanga ukiingia hautoki kwa ungo, kwa kuwa punje za mchanga na za ufuta zinakaribiana. Mchanga ndio unaoshusha daraja ghalani kuliko kitu kingine. Umepelekwa chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi imechukuliwa.

Karanga robo ekari: kilo 88 na maganda. Maganda matupu ni machache mno, takriban 1 kwa 12. Mwaka uliopita, chini ya mikorosho, karibu nusu yalikuwa hewa.

16 Juni 2024

Bustani ya bondeni imeanza. Hapa hesabu ni ya maji kabla ya mbegu. Tuta la mita 1 kwa 10 kwenye kiangazi hutaka milimita 5 hivi kwa siku, sawa na lita 50, au ndoo 2 na nusu za lita 20. Matuta 12 ni ndoo 30 kwa siku. Watu wawili wakibeba mkononi kutoka kisimani mita 40, kazi hiyo hula asubuhi yote. Hivyo matuta ni 12, si 20, hata kama ardhi ipo. Tumetandaza nyasi kavu unene wa vidole 4 kila tuta, na ndoo zimeshuka hadi 20.

Mchicha: tuta 1 linapandwa kila Jumatatu, matuta 4 kwa mzunguko, kila moja linavunwa kati ya siku 21 na 28. Anayepanda matuta yote 4 siku moja huwa na mafungu 200 wiki ya nne na hana kitu wiki ya tano, na bei anaishusha mwenyewe. Bamia matuta 5, mbegu zimeloweshwa usiku mmoja, nafasi sentimita 60 kwa 30. Zikianza, huchumwa kila baada ya siku 2. Bamia iliyoachwa siku 4 ni mti, na inauambia mmea uache kuzaa.

Nyanya ni matuta 2 tu. Kantangaze yupo bondeni, na kiwavi huyo hukaa ndani ya jani ambako dawa ya juu haimfikii. Matuta 2 yanaweza kukaguliwa jani kwa jani na majani yenye michirizi kuzikwa. Matuta 10 hayawezekani bila dawa nyingi, na dawa nyingi kando ya mto ambao watu wanachota maji hatuikubali.

30 Juni 2024

Maua ya mikorosho yanachomoza. Baridi ya kusi na umande wa usiku ndivyo vinavyolea ubwiriunga. Ukungu mweupe hushambulia kikonyo cha maua kikiwa kichanga, na ua lililopakwa unga halifungi korosho.

Salfa: gramu 250 kwa mti kwa awamu, awamu 5, kila baada ya siku 14. Miti 93 inachukua kilo 23 kwa awamu, karibu mfuko 1 wa kilo 25. Inapulizwa kati ya saa 10 alfajiri na saa 2 asubuhi, upepo ukiwa umelala na majani yana umande, ili unga ushike. Saa 4 upepo ukishaanza, nusu ya mfuko inaelekea shamba la jirani. Mpuliziaji avae barakoa na miwani, na aende kutoka upande upepo unakotokea. Kosa kubwa ni kungoja unga mweupe uonekane kwanza. Salfa hukinga, haifufui ua lililokufa.

Msimu huu tumejaribu kitu: mti ambao haujatoa ua hata moja unarukwa. Kati ya 93, miti 14 ilirukwa awamu ya kwanza. Ni kilo 3 na nusu za salfa, na ni kilo 10 hivi za tindikali ambazo hazikwenda ardhini.

27 Julai 2024

Mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Alama zake ni madoa meusi marefu kwenye chipukizi changa, ncha inakauka kama imeunguzwa. Kila Jumamosi tunakagua miti 10, machipukizi 10 kwa kila mti. Tumejiwekea kikomo: machipukizi 10 yenye alama mbichi kati ya 100 ndipo dawa ya wadudu iguswe.

Miti 31 ya upande wa chini ina maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Hapo machipukizi yenye alama ni 3 kati ya 100. Upande wa juu usio nao ni 13. Maji moto huwinda mbu wa mikorosho na kunguni wa minazi mchana kutwa, na hawadai chochote isipokuwa kuachwa hai. Kwa hiyo upande wa chini hautapuliziwa dawa ya wadudu kabisa. Upande wa juu, miti 9 tu iliyozidi kikomo ndiyo iliyopuliziwa, jioni, baada ya nyuki kurudi mizingani.

Kuwahamisha: viota hukatwa alfajiri baridi, vikatiwa ndani ya mfuko, vikatundikwa kwenye mti mtupu. Viota vyote vya mti mmoja vitoke kundi moja. Makundi mawili yakikutana huuana hadi mwisho. Kamba imefungwa kutoka mti hadi mti ili wapite bila kushuka chini, kwa kuwa chini kuna sisimizi wa kahawia wanaowashambulia. Makundi 3 yalihamishwa. Mawili yameshika. La tatu lilikosa malkia, likaisha katika wiki 3. Anayehamisha hujipaka majivu mikononi.

11 Agosti 2024

Mbaazi kilo 96. Kilo 60 zimeenda ghalani, 36 zimebaki za nyumbani na mbegu. Haziwekwi zote sokoni, na sababu ni Agosti 2017, India ilipowekea kikomo uagizaji wa mbaazi na bei huku ikaanguka hadi watu wakaziacha shambani. Zao lenye mnunuzi mmoja mkubwa lazima liwe pia chakula.

Za nyumbani zimewekwa kwenye mfuko wa tabaka 3 usiopitisha hewa. Zikauke kwanza hadi zilie zikitikiswa, mfuko ujazwe, hewa isukumwe nje kwa mikono, na kila tabaka lifungwe peke yake. Fukusi hufa kwa kukosa hewa. Ukifungua kila siku kuchota kibaba, umewafufua. Chota cha wiki 2 kwa mkupuo.

8 Septemba 2024

Chini ya mikorosho pamefyekwa na kufagiwa. Korosho inayoanguka kwenye majani hufichama, ikalowa, ikaota.

Huu ndio mwezi wa kangomba. Wamepita mara mbili. Bustani imeleta shilingi 171,000 mwezi wa Agosti, nyingi kutokana na bamia, na nusu ya pesa ya ufuta iko benki. Hakuna kilichouzwa.

3 Novemba 2024

Mavuno yako katikati. Korosho iliyoanguka tu ndiyo inayookotwa, kila baada ya siku 2, na kila siku mawingu yakitanda. Bibo hunyongolewa kwa uzi bila kubakiza nyama, kwani nyama iliyobaki huoza na kutia doa. Korosho huanikwa siku 3 juu ya kichanja, hugeuzwa mchana. Iliyokauka hulia kavu ikimwagwa, na ukucha hauingii ganda. Kikomo cha unyevu ghalani ni asilimia 10. Magunia ni ya juti. Mfuko wa plastiki huifanya itoe jasho.

Kujipima kabla ya ghala: pasua kilo 1, toa kokwa nzuri, zipime. Tulipata gramu 268. Zidisha kwa 0.176, jibu ni ratili 47 za kokwa kwa gunia la kilo 80. Anayelijua jibu hilo hababaishwi anapoambiwa korosho yake ni daraja la pili.

Mabibo hukatwa vipande na kukaushwa kuwa kochoko. Mfugaji wa mbuzi jirani anachukua, naye anatoa samadi, debe 2 kwa debe 1 la kochoko. Mpaka sasa ni madebe 38 ya samadi, yote yanakwenda bustanini na kwenye mahindi.

15 Desemba 2024

Miti 93 imetoa kilo 571, yaani kilo 6.1 kwa mti, ikilinganishwa na kilo 480 za miti 121. Zote zimepita kwenye mizani ya chama. Kati ya miezi 12, miezi 10 imefikia shilingi 130,000. Machi na Aprili hazikufika.

Siku za kazi, mtu 1 kwa saa 6: korosho 118, bustani 96, kuku 45, ufuta 39, mahindi na mbaazi 27, karanga 24. Karanga ni robo ekari tu na zimekula siku 24, hivyo haziongezwi. Zinabaki kwa ajili ya nyumba na kupokezana na mahindi. Ufuta ndio uliolipa vizuri zaidi kwa siku ya kazi. Hauongezwi pia, kwa kuwa ekari ile ile ikirudiwa ufuta inachoka, na Januari 2025 utahamia nusu ekari ya mahindi na mbaazi pamoja na sehemu ya robo ya karanga.

Kwa ajili ya Machi: mayai ya Septemba na Oktoba yote yalilaliwa badala ya kuuzwa. Vifaranga 41 waliopona watakuwa na miezi 4 hadi 6 mwezi Machi. Muhogo wa mapengo, uliopandwa Desemba iliyopita, umeachwa ardhini makusudi hadi Februari.

Chokaa imewekwa wiki hii. Salfa ya msimu ilikuwa kilo 1.25 kwa mti, ambayo yote ikianguka chini inahitaji karibu kilo 4 za chokaa. Sehemu inapeperuka, kwa hiyo tumeweka kilo 3 kwa mti, chokaa ya kilimo iliyosagwa, imesambazwa chini ya kivuli chote kuanzia mita 1 kutoka shina na kufukiwa kidogo kwa jembe. Chokaa ya kupaka nyumba haikutumika. Ni kali, huunguza mizizi, na kipimo chake si hicho. Mistari 2 ya mwisho, miti 11, imeachwa bila chokaa ili ilinganishwe. Mashimo ya sampuli yamewekewa vigingi. Udongo utachukuliwa tena mahali pale pale Novemba 2025, kina kile kile.